Mgeni na Mwenyeji katika Kamusi Elezo: Lugha ya Kusuluhisha Migogoro katika Wikipedia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana dogo, nalo ni namna waandishi wakongwe wa kamusi elezo ya pamoja wanavyojibizana na waandishi wapya pale wanapotofautiana. Kamusi elezo inayokusudiwa ni Wikipedia, iliyoanzishwa kwa Kiingereza tarehe 15 Januari 2001, na hasa tawi lake la Kiswahili lililoanza mwaka 2003. Utaratibu wake unajulikana. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kufungua ukurasa, kuuhariri na kuuhifadhi. Kila badiliko hubaki katika historia ya ukurasa, kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kulitengua kwa kubofya mara moja. Kila makala yana ukurasa mwenzake wa majadiliano, na waliopewa mamlaka ya kulinda kurasa au kuwazuia watumiaji huitwa wakabidhi.

Kutengua ni rahisi kuliko kueleza, na ugumu unaanzia hapo. Hoja kuu ya mhadhara ni kwamba katika mgogoro wa aina hii wenyeji ni wawili. Mkongwe ni mwenyeji wa kanuni: anajua vyanzo vinavyokubalika, mpangilio wa makala na mipaka ya kamusi elezo. Mgeni, kwa upande wake, mara nyingi ni mwenyeji wa maarifa: anakijua kijiji, lugha au fani inayoandikwa. Mgogoro huharibika pale ambapo uenyeji wa upande mmoja tu unatambuliwa. Na kwa kuwa wawili hao hawaonani, utambuzi huo hauna mahali pengine pa kukaa isipokuwa katika maneno wanayoandikiana. Hii ndiyo sababu suala hili ni la wanaisimu pia, na halipaswi kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

2.0 Ukurasa wa Nyakitonto

Nyakitonto ni kata ya Wilaya ya Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha ambayo kwa upande wa kaskazini huendelea hadi Kibondo na Kakonko. Katika Wikipedia ya Kiswahili kata nyingi za Tanzania zina makala ya mistari michache tu, yanayotaja jina, wilaya, mkoa na idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Makala mafupi ya namna hiyo huitwa mbegu. Jina hilo limechaguliwa vizuri, maana mbegu humsubiri mkulima, na mkulima wa mbegu ya Nyakitonto hawezi kutarajiwa kutoka mbali.

Na ichukuliwe, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba mkulima huyo ametokea. Ni mwalimu mstaafu wa kata hiyo, ambaye mjukuu wake amemwonyesha namna ya kuhariri kwa simu. Anafanya mabadiliko matatu. Kwanza, anaongeza aya kuhusu namna familia zilivyohamishiwa katika vijiji vipya wakati wa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, kama wazee wanavyosimulia. Pili, anaandika kwamba matamshi ya asili ya jina ni Nyagitonto. Tatu, panapotajwa lugha ya wenyeji, anafuta neno Kiha na kuweka Igiha. Baada ya saa moja mabadiliko yote matatu yametenguliwa, na maelezo yaliyoachwa ni maneno mawili: Hakuna chanzo. Mwalimu anayarejesha, nayo yanatenguliwa tena. Anayarejesha mara ya pili, anapata onyo kwamba akiendelea atazuiwa. Harudi tena.

Katika kisa hiki cha kubuni mkongwe hakuvunja kanuni yoyote. Kamusi elezo haiwezi kuandika kila linalosemwa, na takwa la chanzo ndilo linalomlinda msomaji. Kosa lake lilikuwa la aina nyingine: alijibu mambo matatu tofauti kwa jibu moja. Masimulizi ya mwaka 1972 yalihitaji chanzo. Jina la kata lilihitaji mjadala. Neno Igiha lilihitaji maelezo ya kawaida ya Kiswahili. Inafaa kila moja litazamwe peke yake.

2.1 Jina la kata

Dai la mwalimu kuhusu jina halikuwa la kipuuzi. Katika Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, sauti k ya kiambishi hugeuka g inapotangulia silabi yenye konsonanti isiyo ghuna. Ndiyo maana Mrundi husema igitabo, hasemi ikitabo. Wanaisimu wa lugha za Kibantu huiita kanuni ya Dahl. Ikiwa -ki- iliyomo katika Nyakitonto ni kiambishi cha namna hiyo, basi mzungumzaji anayetarajia kusikia -gi- ana msingi wa kufanya hivyo. Hata hivyo, jina linalotumika katika maandishi ya serikali ni Nyakitonto, na kichwa cha makala hakina budi kulifuata. Jibu linalofaa lingekuwa kumweleza mwalimu kwamba kichwa kitabaki kilivyo, ila matamshi ya wenyeji yanaweza kutajwa ndani ya makala pakipatikana andiko la kuyathibitisha. Mwalimu angekuwa ameshindwa katika jambo moja na kusikilizwa katika jingine.

2.2 Kiha au Igiha

Suala la Kiha na Igiha hujirudia kwa mamia ya lugha. Mzungumzaji wa lugha yoyote ya Kibantu ana kiambishi chake cha ngeli kwa jina la lugha, nacho mara nyingi si ki- ya Kiswahili. Kiswahili kina mazoea ya kukibadilisha kiambishi hicho: husema Kihaya, Kinyakyusa, Kiganda. Mazoea haya hayana dharau ndani yake, yanatokana na sarufi. Lakini mgeni anayeona jina la lugha yake likifutwa bila maelezo ataona dharau, na hatakuwa na njia ya kujua vinginevyo. Sentensi mbili za kueleza mazoea hayo, pamoja na kuliacha neno Igiha katika mabano kama jina wanalotumia wasemaji wenyewe, zingetosha kuumaliza mgogoro.

Hapa vyanzo havikosekani. Sarufi ya Kiha ya Lotta Harjula ilichapishwa mwaka 2004, na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi ya lugha za nchi mwaka 2009. Katika uainishaji wa Guthrie, Kiha ni D66, karibu na Kinyarwanda D61 na Kirundi D62. Mkongwe mwenye maktaba karibu angeweza kumletea mwalimu vyanzo hivyo badala ya kumdai. Mwenye kanuni na mwenye maarifa wangefanya kazi moja.

2.3 Masimulizi ya wazee

Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote. Historia nyingi ya vijiji vya Kasulu na Kibondo imo katika vichwa vya watu, na sehemu kubwa ya yaliyochapishwa na wataalamu kuhusu Buha ya zamani imeandikwa kwa lugha za kigeni. Tatizo hili si la Kigoma pekee. Mwaka 2011 mradi wa Wikimedia uliofanyika India na Afrika Kusini ulijaribu kurekodi mahojiano na kuyatumia kama vyanzo vya makala, ukidai kwamba watu wenyewe ni hazina ya maarifa. Hoja hiyo haikukubaliwa kuwa kanuni ya jumla, na wanaoipinga wana sababu: masimulizi ya mtu mmoja hayawezi kuhakikiwa na msomaji aliye mbali. Lakini kati ya kukubali kila simulizi na kufuta kila simulizi pana nafasi. Maelezo ya mwalimu yangeweza kuhamishiwa ukurasa wa majadiliano, yakahifadhiwa hapo wazi kwa majina ya vijiji na miaka, hadi mtafiti au mwanafunzi atakapopata gazeti, tasnifu au ripoti ya kuyathibitisha. Habari isiyo na chanzo leo ni mwongozo wa utafiti wa kesho.

3.0 Kiswahili chenyewe kama uwanja wa ugomvi

Migogoro mingine haihusu habari bali lugha inayoandikiwa. Mwanafunzi wa Nairobi akiandika tarakilishi, mwandishi wa Dodoma hubadilisha kuwa kompyuta. Runinga hugeuzwa televisheni, na kesho yake hurejeshwa. Kila mmoja ana shule iliyomfundisha na anaamini kwamba anasahihisha. Hata neno linalotaja kazi yenyewe lina mgogoro: wapo waandikao makala hii na wapo waandikao makala haya. Neno hilo lilitoka Kiarabu, na ma- yake ya mwanzo ni sehemu ya shina la asili, lakini sikio la Mswahili lililisikia kama kiambishi cha wingi. Upatanisho wa aina zote mbili una historia na watumiaji wake. Anayebadilisha mmoja kwa mwingine katika kurasa mia moja hajaongeza maarifa yoyote, ila amewachokoza watu mia.

Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kila mtumiaji mpya wa lugha hii amejikuta akisahihishwa na aliyemtangulia. Waha wanalijua jambo hilo vizuri. Vijana wengi wa Buha waliokwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge walikutana na Kiswahili kama wageni, na lafudhi yao ilichekwa. Baadaye Kasulu yenyewe ikawa mwenyeji: kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo, ambao wengi wao walikuja na Kiswahili cha kwao, na baadaye Warundi, ambao lugha yao husikilizana na Kiha. Katika eneo kama hilo swali la nani anasema Kiswahili cha kweli halina jibu la mkato. Kamusi elezo inayotaka kuwahudumia wote inahitaji kanuni moja nyepesi: lahaja au istilahi iliyotumiwa na mwandishi wa kwanza wa makala iachwe, mradi inaeleweka na ni ya Kiswahili kilichokubalika mahali fulani.

4.0 Adabu pasipo sura

Nadharia ya adabu ya Brown na Levinson huzungumzia uso wa mtu, yaani heshima anayotaka kuilinda mbele ya wengine. Waswahili hawakuhitaji nadharia kuutambua uso huo, kwani lugha imejaa njia za kuulinda. Lakini njia nyingi kati ya hizo hutegemea kumwona mtu. Shikamoo huhitaji umri. Mama, babu, kaka, mwalimu na mzee huhitaji jinsia, rika au cheo. Katika Wikipedia mtu hujitokeza kwa jina la mtumiaji ambalo laweza kuwa herufi na tarakimu tupu. Matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka ishirini, aliyekwisha hariri kurasa elfu, anaweza kumkemea mstaafu wa miaka sabini bila kujua. Ukongwe wa mtandaoni umepindua ukubwa wa umri, na lugha haijapewa muda wa kujirekebisha.

Basi adabu isiyoweza kukaa katika majina ya heshima hulazimika kukaa katika sarufi. Sehemu nne za sarufi zinastahili kuangaliwa.

Ya kwanza ni kauli ya kutendwa. Makala yako yamefutwa ni sentensi isiyo na mtendaji, isiyo na sababu na isiyo na njia ya kurudi. Ilinganishwe na hii: Nimeyaondoa maelezo haya kwa muda kwa sababu hayana chanzo, nimeyaweka katika ukurasa wa majadiliano. Kiambishi ni- kinabeba wajibu, na mgeni anajua amwulize nani.

Ya pili ni amri. Weka chanzo! ni sahihi kisarufi lakini ni kauli ya mkubwa kwa mdogo. Kiswahili kina ngazi nyingi juu yake: tafadhali weka, naomba uweke, je, kuna kitabu au gazeti linaloeleza jambo hili? Swali ndilo bora, kwa sababu linakiri kwamba anayeulizwa ndiye anayejua.

Ya tatu ni kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi. Kiswahili hakitofautishi sisi inayomjumuisha msikilizaji na sisi inayomtenga. Mkongwe akiandika, Hapa hatuandiki hivyo, anaweza kuwa anamkaribisha mgeni katika desturi ya wote. Mgeni husoma: sisi, bila wewe. Kutaja kanuni kwa jina na kuonyesha mahali ilipoandikwa huondoa utata huo.

Ya nne ni majina yanayotokana na vitenzi. Mharibifu si sawa na aliyeharibu. Kiambishi tamati -fu hutaja sifa iliyokwisha kuwa tabia. Mgeni aliyefuta aya moja kwa kutojua, akiitwa mharibifu, amehukumiwa maisha yake yote. Akiambiwa kwamba badiliko lake liliondoa aya yenye chanzo, tendo ndilo lililohukumiwa, naye amebaki na uso wake.

Haya yote hayana maana kwamba kila mgeni ni mwema. Wapo wanaokuja kutukana, kutangaza biashara au kumpigia debe mgombea. Hao huonywa na kuzuiwa, na hakuna adabu inayodai vinginevyo. Ila anayekuja kuharibu na anayekuja kujenga bila kujua utaratibu hufanana sana katika dakika tano za kwanza, na gharama ya kuwachanganya humwangukia yule wa pili.

5.0 Ushahidi wa kwingine

Gharama hiyo imepimwa. Idadi ya wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilifikia kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Utafiti wa Halfaker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kanuni na programu zilizobuniwa kukabiliana na uharibifu ziliishia kuwafukuza pia wageni wenye nia njema, kwa kuwa michango yao ilizidi kukataliwa. Jamii hiyo ilikuwa tayari na mwongozo unaowasihi wakongwe wasiwang'ate wageni, na mwaka 2012 ilifungua ukumbi maalumu wa maswali yao. Kuwepo kwa mwongozo peke yake hakukutosha.

Upande wa Kiswahili una somo lake. Kuanzia mwishoni mwa 2009 hadi mapema 2010 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Wageni wengi waliingia kwa mkupuo mahali ambapo wakongwe walikuwa wachache. Makala yaliongezeka, mengine mazuri, mengine ya tafsiri ya mashine yaliyohitaji kusafishwa. Shindano lilipokwisha, wengi wa washiriki waliacha kuandika. Zawadi iliwaleta, lakini hawakupata uhusiano wa kuwabakisha.

Upo pia mfano wa kinyume. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba maelfu ya makala ya Wikipedia ya Kiskoti yalikuwa yameandikwa na kijana asiyeijua lugha hiyo, kwa miaka mingi, bila mtu wa kumsahihisha. Ugunduzi ulipotangazwa, alishambuliwa kwa matusi. Kwa mtazamo wa mhadhara huu makosa yalikuwa mawili: kwanza hakupata mwenyeji wa maarifa wa kutofautiana naye, kisha alipowapata walimjia kama umati. Ukimya kwa mgeni haumfai yeye wala lugha, na lugha ndogo huumia zaidi.

6.0 Baraza la kata kama kielelezo

Kanuni inayojulikana zaidi ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu ugomvi humkataza mhariri kutengua ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24. Kanuni hiyo husimamisha vita, ila haileti amani. Kwa kuleta amani, Watanzania wana chombo walichokizoea, yaani baraza la kata. Sheria ya mwaka 1985 iliyaanzisha, na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ilitaka yawe na wajumbe wasiopungua wanne wala kuzidi wanane, watatu kati yao wakiwa wanawake, huku ikilitaja jukumu lao la msingi kuwa ni kuleta amani na maelewano kwa kupatanisha. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, mabaraza yakaondolewa uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi na kubakiziwa upatanishi.

Mambo matatu ya baraza yanafaa kuazimwa. La kwanza, anayelalamika hawi mwamuzi: mkabidhi aliyetengua asiwe ndiye anayezuia, bali amwite wa tatu. La pili, wote wawili husikilizwa kabla ya neno la mwisho, na ukurasa wa majadiliano ndio ukumbi wake. La tatu, lengo ni majirani waendelee kuishi pamoja, kwani ugomvi wa mpaka ukiisha shamba bado linapaswa kulimwa. Buha ya zamani nayo iliwajua wateko, walinzi wa ardhi waliomwonyesha mgeni mahali pa kulima. Mamlaka yao juu ya ardhi yalikwenda pamoja na wajibu wa kumpa mtu nafasi.

Kufanana huku kuna mpaka. Wajumbe wa baraza wanawajua wadai na koo zao, na mdai hawezi kubadili jina na kurudi kesho. Kwenye kamusi elezo uaminifu hujengwa kwa maandishi matupu. Kwa hiyo maandishi hayo yanahitaji uangalifu mkubwa kuliko maneno yanayosemwa chini ya mti.

7.0 Hitimisho

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza inakiri kwamba mgeni huja na dawa. Ya pili inakataa asibaki kutazama. Kwa wakongwe wa Wikipedia ya Kiswahili, jembe ni kazi ndogo inayotajwa wazi: tafuta chanzo cha aya hii, sahihisha jina la kijiji hiki, piga picha ya shule ile.

Idara za Kiswahili zina sehemu yao. Zinaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kutafuta vyanzo vya makala za kata zao, kuandaa maelezo mafupi ya mazoea ya kutaja lugha na mahali, na kuchunguza kurasa za majadiliano kama matini ya isimujamii, maana matini hayo yamehifadhiwa yote na yanasomeka na kila mtu. Vyuo vinavyolalamika kwamba Kiswahili hakina maarifa mtandaoni vina watu wa kuyaandika, na vina watu wa kuwapokea waandishi.

Tanzania ina maelfu ya kata. Kwa kila moja yupo mtu anayejua kisima kilichimbwa lini, nani alihamia kutoka wapi na jina lina maana gani. Mtu huyo anaweza kujaribu kuandika mara moja tu. Akijibiwa vibaya, ukurasa wa kata yake utabaki jina, wilaya, mkoa na tarakimu ya sensa, na wasomaji hawatajua kilichokosekana.